Goti la Mpiga Muheme

Mimi nilitaka wampasue, na sikuficha. Nyumbani kwetu Kikuyu, huku Ugogoni, kila jirani alikuwa na dawa yake ya goti la mama: huyu kitunguu saumu, yule mafuta ya kondoo, mwingine maombi ya kufunga. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mtu asiyeweza kuinuka chooni mpaka aite binti yake anangoja nini tena?

Mama yangu, Generosa, ndiye kiongozi wa wapiga muheme kwetu, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo inayobanwa katikati ya mapaja huku mpigaji amesimama, magoti kayakunja kidogo. Ameishika tangu hajaolewa. Daktari alikuwa amemweleza kwamba gegedu nyuma ya pia ya goti la kulia limelika, na sasa mfupa unasaga mfupa. Hata hivyo hakukimbilia kisu. Alimpa miezi mitatu ya mazoezi ya kukaza mapaja, asipige ngoma, kisha arudi waone.

Tuliporudi hospitali, goti lilikuwa limevimba kuliko mwanzo.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Shamila, binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alilibonyeza goti, mama akauma mdomo.

"Mazoezi ulifanya?"

"Kila siku, mwanangu. Asubuhi na jioni."

"Alifanya, dokta," nikadakia. "Namsikia chumbani akihesabu. Hayo mazoezi yenu hayafai. Tupeni tarehe ya upasuaji."

Hakukasirika, na hilo likanikasirisha zaidi. Alimgeukia mama. "Hebu nionyeshe ulivyokuwa unafanya."

Mama akashuka kitandani. Alitazama huku na huku, akachukua ndoo tupu iliyokuwa pembeni, akaibana mapajani. Akakunja magoti, mgongo ukainama kidogo, akaanza kuhesabu. Kabla hajafika kumi goti lilimsaliti, nikamdaka kwapani.

Daktari aliichukua ile ndoo. "Mama, nilikwambia mto. Ukiwa umelala, mguu umenyooka."

"Uliniambia nibane kitu mapajani, nikaze misuli," mama akajibu. "Mto ni wa kulalia. Cha kubana ninacho."

"Nilikwambia pia uache ngoma."

"Uliniambia nisipige. Sikuipiga hata mara moja. Niliishika tu."

Nilitamani kucheka, nikashindwa. Miezi yote ile alikuwa akisimama nyuma ya mlango na ngoma yake, magoti yamekunjwa, akilisaga goti kwa utiifu kabisa. Nami nilikuwa sebuleni nikimsifu.

"Kwa hiyo mazoezi bado hatujayajaribu," daktari alisema.

Mama alikaa. "Nikipasuliwa, nitaishika tena?"

"Maumivu yanaweza kupungua sana. Utatembea, utapanda ngazi. Lakini kusimama na goti la bandia limekunjwa hivyo, ngoma juu yake, hilo siwezi kukuahidi. Na tukishakata, hatuwezi kulirudisha la zamani."

"Nisipopasuliwa?"

"Tunaanza upya, sawasawa. Nitakuchoma sindano ya kupunguza uvimbe. Ila ngoma usiiguse, hata kuishika."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mama."

Mama alinitazama. Hapo ndipo nilipojua kwa nini nilikuwa nakitaka kisu: kisu kina tarehe. Hiyo "sijui" ya daktari haikuwa nayo, na niliiogopa.

"Uamuzi ni wako, mama," nikasema.

Mama aliusugua ule uvimbe taratibu. Nje muuguzi aliita jina la mgonjwa mwingine, akaliita tena.

"Mpigie simu Flaviana," mama alisema.

Flaviana ni msaidizi wake katika kikundi. Ameitamani ngoma ile miaka mingi, na miaka yote hiyo mama amesema mkono wa Flaviana unatwanga tu, haupigi.

"Nimwambie nini?"

"Aje aichukue. Leo, kabla sijabadili mawazo."

Nilipiga pale pale. Flaviana akauliza ataishika ngoma hadi lini. Nikageuka kumuuliza mama. Alikuwa amekwishapanda kitandani, amelala chali, mguu kaunyoosha, na daktari alikuwa akimwekea mto katikati ya mapaja. Uso aliuelekeza ukutani, machozi yakimtiririka hadi sikioni.

"Mwambie ni yake," alisema, akaubana mto.