Dua ya Kufunga Kikao

Mimi Njau si mtu wa maombi. Mke wangu Rachael ndiye wa kanisa. Mimi Jumapili hujificha kwenye karakana yangu. Lakini siku ile ya kikao pale Kiganjo, dua ndiyo iliyotuokoa, na sioni haya kusema.

Tuliitwa kutoa maoni kuhusu soko jipya. Wauza mboga wangepelekwa ghorofani, na mchoro ulionyesha ngazi tupu. Rachael huuza sukuma wiki akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwake, ngazi zile zilikuwa ni kufunga biashara. Nilienda nikiwa nimejiandaa kusema, maneno yananiwasha ulimini.

Sasa, vikao vyetu mnavijua. Pasta akafungua kwa maombi, tena marefu. Chifu akamkaribisha afisa, afisa akamkaribisha mkubwa wake, mkubwa akasalimia kila kabila kwa lugha yake. Mikate na soda zikaanza kugawanywa. Niliinua mkono mpaka ukafa ganzi. Mwishowe yule afisa, Muriithi, akatangaza kwamba muda umetubana, na kwa kuwa alifungua Mkristo, atafunga Mwislamu. Kwetu dua ya kufunga ikishasemwa, kikao kimekwisha. Hata mlevi haongezi neno.

Akasimama Kulthum, muuza sambusa, jirani wa Rachael sokoni. Watu wakafumba macho.

"Ewe Mola," akasema polepole, "wabariki viongozi wetu. Wakumbushe kwamba Rachael hawezi kupanda ngazi. Wape moyo wa kujenga njia ya kiti chake mpaka juu, kabla soko halijafunguliwa."

Nani atakatiza dua? Ukumbi mzima uliitikia amina, na Muriithi pia, kwa sauti. Alipofumbua macho alimtazama Kulthum, akacheka, akachukua kalamu.

"Mama, hiyo nimeitikia mbele ya watu," akasema. "Wacha niiandike."

Na njia ikajengwa. Siku ya kwanza Rachael alipanda peke yake, akanikataza kumsukuma, nami nikalia kama mtoto.

Baadaye ndipo Rachael aliponiambia kwamba Kulthum alikuja kikaoni na shida yake mwenyewe: bomba la maji karibu na kibanda chake. Nilipomuuliza Kulthum mbona hakuliombea pia, akasema dua ingekuwa na mengi, wakubwa wangeshtukia ujanja wake.

Bomba halijafika mpaka leo. Kwa hivyo maji yake namchotea mimi kila asubuhi, na nimemwambia asithubutu kuniambia asante.