Kijiti Chekundu cha Barabara Kuu

Barabara kuu ya nchi yetu, ile inayochorwa kwa mstari mnene kwenye ramani za darasani, siku hiyo ilikuwa na upana wa gari moja. Mvua ilikuwa imekula upande wa korongo, na kipande kilichobaki kilikuwa chini ya himaya ya watu wawili: mshika bendera wa juu na mshika bendera wa chini. Hawakuonana, na simu zao hazikushika mtandao. Utaratibu ulikuwa mmoja. Magari ya upande mmoja yakiruhusiwa, la mwisho hupewa kijiti chekundu. Kijiti kikifika ng'ambo, ndipo zamu hubadilika. Hakuna kijiti, hakuna safari.

Sisi tulikuwa juu, wa kwanza kwenye foleni, mimi na mama, yeye akiwa kwenye usukani wa pikapu ya mjomba. Kushoto mwamba, kulia korongo, nyuma malori yaliyobanana hata baiskeli isingegeuka. Kabla ya saa kumi nilitakiwa kusimama mbele ya bodi ya shule ya bweni, kule bondeni. Nisipotokea, nafukuzwa. Sababu mama alimsimulia mshika bendera bila kuulizwa.

"Kaka yangu, msichana huyu alikibandua kibao cha ofisi ya mkuu wa shule, akakibandika kwenye mlango wa choo. Siku ya wazazi! Mgeni rasmi akabisha hodi."

"Na alikaribishwa," niliongeza kwa heshima zote.

"Umemsikia?"

Magari ya chini yalishapanda yote. Dereva wa mwisho alisema nyuma yake kuna pikipiki, ndiyo yenye kijiti. Tukaisubiri. Jua likahama kutoka dirisha la mama hadi langu. Madereva wakapiga honi, wakatukana, wakachoka, wakalala. Mama akanigeukia.

"Kitoe."

"Nini, mama?"

"Hicho kijiti. Nakujua mimi."

Sikuwa nimeshuka garini tangu tufike. Hata hivyo begi langu lilipekuliwa mpaka ndani ya soksi.

Nikaomba ruhusa ya kujisaidia. Nilipouzunguka mwamba, miguu ikaendelea na safari yake. Kona kadhaa mbele nikamkuta mwenye pikipiki ameketi katikati ya njia, cheni imekatika, na nyuma ya kiti amefunga kabati zima la nguo.

"Kaka, tunakusubiri huko juu!"

"Juu sipandi, dada. Nilisukume kabati hili mlimani, mimi punda? Nageuza, naserereka kurudi chini."

"Na kijiti?"

"Narudi nacho."

Angerudi nacho, mshika bendera wa chini angefungulia foleni yake upya, nami ningezeekea mlimani. Nikamsihi: yeye aserereke, kijiti anipe mimi. Akakubali. Nikamsaidia kugeuza, kisha nikasimama ukingoni mpaka nilipoliona kabati likitokea salama mwisho wa njia, dogo kama kiberiti.

Nilirudi mbio, kijiti juu, mshindi wa taifa. Foleni nzima ikanitazama kama nyoka aliyeshikwa na yai mdomoni.

"Si nilisema?" mama alilia.

Nikaeleza. Tatizo la maelezo yangu ni kwamba yalikuwa na kabati ndani yake.

"Kabati? Kwenye pikipiki?" dereva wa lori akacheka. "Mtoto ana kipaji huyu!"

Mshika bendera hakucheka. "Kama pikipiki bado iko njiani, mtaikanyaga konani. Nikifungua, nafungua kwa neno la nani? Mama, mtoto ni wako. Anasema kweli?"

Mama akaniangalia. Nikavaa uso wangu wa unyofu, nikakumbuka kuwa ndio ninaouvaa nikidanganya, nikauvua. Sikuwa na mwingine.

"Mimi ndiye nitakayetangulia," mama akamwambia. Kisha kwangu: "Panda."

Alishuka kwa gia ya kwanza, akipiga honi kila kona. Mambo yale niliyaona mwenyewe kwa macho yangu, lakini kila kona niliomba Mungu yawe kweli.

Chini, mwenye pikipiki alikuwa amekaa juu ya kabati lake anakula ndizi. Akatupungia. Mama akatazama saa. Kumi ilishapita.

"Utaiambia nini bodi?"

"Ukweli, mama."

"Kijiti, pikipiki, kabati?" Akabadili gia, akakanyaga mafuta. "Thubutu. Wewe utanyamaza. Nitasema mimi."