Hesabu za Wachelewaji

Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita aligundua jambo akisahihisha mtihani wa sehemu, zile nusu na robo na theluthi. Waliofeli walikuwa kumi na tisa, na wote aliwajua kwa sababu nyingine: ndio waliokuwa wakizuiwa getini karibu kila asubuhi.

Geti la shule lilifungwa saa moja na robo. Aliyelikuta limefungwa alipigishwa magoti kwenye kokoto, kisha akapelekwa nyuma ya vyoo kung'oa nyasi hadi kipindi cha kwanza kiishe. Na kipindi cha kwanza, siku nne kwa juma, kilikuwa hesabu.

"Hawa hawakufeli," alijisemea. "Hawakufundishwa."

Geti lilikuwa mikononi mwa mwalimu wa nidhamu, ambaye pia alikuwa kaka mkubwa wa mumewe. Nyumbani alikuwa mtu wa utani, hanywi chai ya shemeji yake mpaka aisute kwanza kwamba ni nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe. Shuleni hakuwa na mchezo. Filimbi shingoni, daftari kwapani.

"Shemeji, wale watoto wanakosa somo langu," alimwambia wakati wa mapumziko.

"Wawahi basi."

"Umeshawauliza kwa nini wanachelewa?"

"Kila mmoja ana hadithi yake. Nikizisikiliza zote, geti nitalifunga saa sita mchana." Akacheka kidogo. "Halafu hapa mimi si shemeji yako, mwalimu."

"Haya, mwalimu. Nitawauliza mimi."

Siku hiyohiyo alikibadilisha kipindi chake cha mchana. Aliandika ubaoni: *Asubuhi yako inakwenda wapi?* Wanafunzi wote sitini na mmoja, wanaowahi na wanaochelewa, waliambiwa waandike kwa juma zima wanachofanya tangu kuamka hadi kufika shuleni, na kila jambo linachukua dakika ngapi. Asiye na saa aulize jirani mwenye redio.

"Na msitie chumvi," aliwaonya. "Hesabu ikitiwa chumvi haiendi."

Juma lilipokwisha walisomeana. Binti wa fundi cherehani alikuwa na mistari mitatu tu: kuoga, chai, kutembea. Kisha akasimama msichana ambaye shule nzima ilimwita Kobe, jina alilobandikwa na mwalimu wa nidhamu mwenyewe kwa kuchelewa kwake. Ukurasa wake ulijaa. Kuwasha moto. Kumwosha bibi, ambaye miguu yake haimbebi tena. Foleni ya maji, dakika sabini. Kupandisha ndoo, dakika kumi na tano.

"Kwani kwenu bomba halipo ndani?" aliuliza binti wa fundi.

"Lipo moja nje. La mtaa mzima."

Wachache walicheka, kisha wakaacha. Mvulana mmoja wa mtaa huohuo, ambaye hakuwahi kuchelewa hata siku moja, alisema yeye haendi bombani. Dada yake ndiye anayekwenda.

"Basi wewe unawahi kwa miguu ya dada yako," alisema Kobe.

Mvulana alitazama dawati lake. Mwalimu akawapa karatasi kubwa wachore jedwali. Majibu yalitoka wazi: kati ya wachelewaji kumi na tisa, kumi na saba waliishi mtaa wa juu, nyuma ya machimbo ya mawe, na kumi na watano kati yao walikuwa wasichana. Bomba lao lilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa mbili.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini.

"Kuna mzazi analalamika unafundisha siasa."

"Ninafundisha sehemu. Kumi na saba kati ya kumi na tisa."

"Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Usinitafutie balaa, mwanangu."

"Naomba kitu kimoja tu, mama. Mwalimu wa nidhamu aende bombani asubuhi moja."

Alikwenda. Kobe alimpa ndoo, naye, kwa mazoea, alipoona foleni imepinda akapiga filimbi ainyooshe. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akageuka.

"Baba, hapa hatupangwi kwa filimbi. Nenda ushike mkia."

Akashika mkia. Watu wazima walipita mbele, watoto wakasogezwa nyuma, na zamu yao ilipofika ilikuwa saa moja na dakika kumi. Ndoo aliibeba mwenyewe hadi kwa bibi, akipumzika mara mbili njiani. Bibi alimkagua kutoka kitandani.

"Ndiye anayekupigisha magoti?"

"Ndiye, bibi."

"Mpe maji anywe. Amechoka."

Walifika shuleni geti limeshafungwa. Kiranja aliyeshika ufunguo alimwona mwalimu wa nidhamu amesimama nje katikati ya wachelewaji, suruali imelowa hadi magotini, akabaki hajui afanye nini.

"Fungua," alimwambia. "Wote darasani."

Jioni alipopita kwa mdogo wake, chai aliinywa bila utani.

"Kanuni ni kanuni, sijabadilika," alisema. "Ila siwezi tena kumpigisha mtoto magoti kwa kosa la bomba."

Kikao cha walimu kilifuta adhabu ya kokoto na kuhamishia hesabu kipindi cha tatu. Wengine walinung'unika kwamba watoto wanadekezwa. Mwalimu wa hesabu hakuridhika vilevile, kwa sababu yake mwenyewe.

"Tumesogeza somo," aliliambia darasa lake. "Bomba bado liko palepale."

Wakaandika barua kwa ofisi ya maji. Ya kwanza haikujibiwa. Walipokwenda mara ya pili wakaambiwa warudi juma lijalo. Mara ya tatu walikwenda wanafunzi tisa na jedwali lao, na mbele yao mwalimu mkuu, mkoba begani. Hakuna aliyemwomba aje. Meneja alilitandaza jedwali mezani, akamsikiliza Kobe akilieleza mstari kwa mstari. Alikubali bomba lifunguliwe saa kumi na moja alfajiri. Kuhusu bomba la pili hakuahidi kitu.

Mwezi ule wachelewaji walishuka hadi wanne. Yule mvulana alianza kwenda bombani Jumatatu na Alhamisi; alilalamika sana, lakini alikwenda.

Jumatatu iliyofuata darasa lilianza barua ya bomba la pili. Walibishana karibu kipindi kizima kama waanze na "Tunaomba" au "Tunakumbusha". Mwalimu aliwaachia wapige kura, na "Tunakumbusha" ikashinda kwa tofauti ya kura tisa.