Gauni la Mama Kwenye Kioo

Picha ya Mama ilikuwa moja tu duniani, na hiyo moja ilikuwa ya uongo. Gauni lenye kola ya lesi lilikuwa la mpiga picha, alikuwa nalo limetundikwa nyuma ya mlango kwa ajili ya wateja wake wote, wanene kwa wembamba. Viatu vilikuwa vya jirani. Simu aliyowekewa sikioni haikuwa na waya. Zamani ndivyo ilivyokuwa: picha ni jambo la kupendezea, nani angepoteza filamu kwa nguo ya kufagilia uwanja? Basi Mama, aliyeshinda miaka nenda miaka rudi na magauni ya nyumbani aliyojishonea mwenyewe, akabaki ukutani akiwa mgeni, kalazimishwa kutabasamu.

Binti yake mkubwa walimwita Sindano. Jina hilo alipewa kazini, kwenye kliniki ya meno alikokuwa mapokezi, kwa sababu hakukosa sindano yenye uzi kwenye kola, na wagonjwa wageni walidhani ndiyo ya kuwachoma. Nguo zake zote alizishona kwa cherehani aliyoachiwa na Mama, na alikuwa na maringo nazo kidogo, tuseme ukweli.

Siku moja alikuwa akipiga pindo, akataka kumkumbuka Mama vile alivyokuwa akilainisha kitambaa kwa kiganja kabla ya kukata. Aliyemjia ni yule wa lesi. Akafumba macho, akajaribu tena. Wa lesi tena. Sindano akashikwa na woga ambao hakuwahi kuupata hata siku ya maziko. Aliona kwamba picha ya ukutani inamla Mama kidogo kidogo, na yeye anatazama tu.

Ndipo akanunua kitambaa cha pamba, cha buluu yenye nukta nyeupe, akaanza kulishona upya gauni la nyumbani la Mama. Kiolezo hakikuwepo. Alishona kwa kumbukumbu ya utotoni, wakati kazi yake ilikuwa kushika ncha ya pili ya kitambaa ng'ambo ya meza, ametazamana na Mama. Kola ya mviringo. Vifungo visivyofanana, maana Mama hakuwahi kununua vifungo, alikuwa akiving'oa kwenye nguo zilizokufa. Na mfuko mmoja mkubwa ubavuni, wa kuwekea chaki, uzi na peremende ya kumnyamazishia mtoto.

Mfuko aliupachika mwisho. Alivaa gauni, akasimama mbele ya kioo cha kabati na pini mdomoni, akausogeza huku na huku hadi ukakaa pale macho yake yalipouzoea. Kisha akaondoa pini mdomoni, akatazama. Mama alikuwa amesimama ndani ya kioo. Sindano hakuthubutu hata kupumua kwa nguvu.

"Baba Watoto," aliita taratibu. "Lete simu. Nipige picha sasa hivi."

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mwema, lakini kwenye kupiga picha Mungu alimnyima. Alikuwa anakata vichwa. Picha za harusi za ukoo mzima zilimjua.

"Kaa kawaida," alisema.

"Nimekaa kawaida."

"Umekaa kama unapigwa eksirei."

Alimpiga dirishani, akampiga ukutani, akampiga mlangoni na ndoo ikaingia pembeni. Sindano akafunua picha moja moja. Gauni lilikuwa lile lile, nukta zile zile, hata kichwa safari hii kilikuwepo. Lakini Mama hayupo. Aliyekuwepo ni mama mtu mzima wa mapokezi, amevaa gauni la buluu. Akarudi kwenye kioo mbio: Mama huyo hapo. Akatazama simu: ametoweka.

"Labda ni mwanga," alisema Mwalimu.

"Siyo mwanga."

Akaketi kitandani, na machozi yakamtoka waziwazi. Wa lesi ukutani hakuwa na shida ya namna hiyo. Yeye picha ilimkubali.

Kesho yake, shingo upande, alimtumia mdogo wake picha ile ya mlangoni. Huyu alikuwa fundi bomba, mzito wa mwili, ndevu zimeingia mvi, lakini nyumbani aliitwa Kitinda kwa kuwa alizaliwa mwisho, na jina halikumbanduka. Hakumwandikia maelezo yoyote. Ikiwa Mama yupo, Kitinda atamwona mwenyewe.

Simu ikaita kabla hajaweka chai mezani.

"Dada, hilo ni gauni la Mama." Sauti ilikuwa nzito. "Lakini mfuko umeuweka upande wako."

"Upande wangu vipi?"

"Tukitembea, wewe ulikuwa upande wa kulia, umeshikwa mkono. Mimi kushoto, nimeng'ang'ania mfuko. Mama alikuwa wa mashoto, mfuko wake ungekaaje kulia? Mkono wangu huu unajua."

Sindano akatazama kioo cha kabati, kisha akajitazama mwenyewe. Alikuwa amemwiga Mama aliyekuwa akitazamana naye mezani, ambaye kushoto kwake kulikuwa upande wa kulia wa Sindano, akaupachika mfuko kwa kufuata kioo, na kioo kikamgeuzia. Ndiyo maana Mama alikubali kukaa kule kiooni tu.

"Nilikuwa nauchana pembeni kila mara kwa kuuvuta," Kitinda aliendelea. "Ananiambia neno. Unalikumbuka?"

Sindano alitafuta. "Silikumbuki."

"Hata mimi limenitoka." Kila mmoja, kwenye upande wake wa simu, alijua kwamba hakuna mtu wa tatu wa kumuuliza.

Aliufumua mfuko siku ile ile, akauhamishia kushoto. Jumamosi Kitinda akaja, na begi lake la spana begani, akidai anapita tu kutazama bomba la jikoni, ingawa hakuna aliyemwambia bomba lina tatizo. Akamkuta dada yake uwanjani ndani ya gauni, na Mwalimu akihangaika kutafuta pa kusimama.

 Kitinda akaweka begi chini. Akazunguka taratibu, akasimama kushoto kwa dada yake, akaushika mfuko kwa mkono wa kulia. Sijui kama alijua anachofanya. Mkono ulikwenda wenyewe, ila sasa ulikuwa mkono wa kufungulia mabomba, na ulipovuta kidogo tu, uzi wa pembeni ukakatika.

"We mtoto," Sindano akasema bila kumtazama, "utakuja kunivua nguo njiani, watu wacheke."

Kitinda akaganda. Sindano naye akaganda, kiganja mdomoni. Hayakuwa maneno yake, wala sauti ile haikuwa yake, ya kukaripia huku kicheko kinakuja nyuma. Mtu mzima mwenye ndevu za mvi akainamisha kichwa kwenye bega la dada yake, akalia, na mfuko hakuuachia.

Hapo ndipo Mwalimu alipobonyeza.

Vichwa vyote viwili alivikata, kama kawaida yake. Limebaki gauni la buluu, mfuko uliochanika pembeni, na mkono mkubwa wa fundi umeung'ang'ania. Waliitundika ukutani jirani na ile ya studio. Mwalimu aliomba arudie, kwa aibu, na wote wawili wakamwambia aache.