Kiota Kilichoitikia Hodi

Fundi wa nyigu aliegemeza ngazi ukutani, akavaa glavu, akafunga mikono ya shati kwa mpira, kisha akagonga dari ya chumba cha nyuma na kupiga hodi. Ndivyo afanyavyo kazi. Wenzake humcheka, naye huwajibu kwamba haingii nyumbani kwa mtu kama mwizi, hata kama mwenyewe ana mwiba.

"Karibu," kiota kikaitika kwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

Nyigu hujenga kwa chochote kilichoachwa: ubao mkuukuu, maboksi, na maneno yaliyokosa wa kuyapokea. Fundi aliwahi kutoa kiota shuleni kilichokuwa kikiomba ruhusa ya kwenda msalani.

Mwenye nyumba alisimama mlangoni, simu mkononi, mguu haujavuka kizingiti. Alieleza kwamba hiyo ni sauti ya mama yake, na mama mwenyewe ndiye yule kitandani. Zamani alikuwa msemaji. Siku hizi ametulia, hamsumbui mtu. Shida ni kiota. Jumapili wanakuja wakwe, na kiota hakina breki.

Fundi, ambaye udadisi umewahi kumtia matatani, aliuliza kinasema nini. Akajibiwa kwamba ni mambo ya kizee tu.

Akatega sikio. Maneno yalikuwa yamejengwa tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Ndani kabisa mlikuwa na visa virefu, vya jirani aliyeibiwa suruali kambani, na kicheko juu yake. Tabaka lililofuata lilikuwa na maswali: umekula, umerudi saa ngapi, mbona hupiti. La nje, jipya kabisa, lilikuwa neno moja tu, lile mama alilokuwa akilisema kila aliposikia nyayo zikipita mlangoni. Fundi alimhurumia mama, akashuka ngazi nusu.

"Kaka, hawa nyigu hawahitaji dawa. Kaa na mama jioni jioni, umsikilize. Watakosa cha kujengea, watahama wenyewe."

"Dada yangu, mimi nimekuita utoe kiota."

Basi akapuliza dawa. Nyigu wakalegea, akakata kiota kwa kisu, akakitia guniani. Kilikuwa kizito kuliko alivyotarajia, na humo guniani kiliendelea kusimulia kisa cha suruali. Mama alifuata gunia kwa macho mpaka likafika mlangoni.

Hapo ndipo mwenye nyumba akaingia kukagua kazi. Mama akajiinua kwa kiwiko, akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Umekonda, mwanangu," akasema.

Mwanawe akainua uso, akaikagua dari kona hadi kona.

"Fundi," akaita, "kuna kipande umebakisha."