Mistari Myeusi kwenye Shina la Bawa

Niliona meno yangu kwenye bati la tumbo la ndege, nikajua hapo pametakata. Nikasogea hadi kwenye shina la bawa, linapoungana na mwili wa ndege, na huko nikakuta uchafu: vimstari vyeusi, vyembamba, vikianzia kwenye vichwa vya ribiti, zile pini zinazoshikilia mabati, na kuelekea nyuma. Nikachovya kitambaa kwenye dawa, nikakaza mkono, nikavifuta vyote. Mwenzangu Orpha, aliyekuwa kwenye ngazi nyingine, alilalamika kwamba upande wangu unang'aa kuliko wake na kwamba nafanya makusudi. Tukacheka.

Ndege za bwana Hugues hazikuwa na rangi. Yeye alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwenye ndege mbili kuukuu na maneno mengi, na alipenda kusema kwamba rangi ni mzigo, naye analipwa kubeba samaki wa ziwa Mweru, si kubeba rangi. Basi zilipita juu ya Nchelenge bati tupu, zikimetameta hadi wavuvi wakafumba macho. Lakini bati tupu lisiposuguliwa hufubaa, kwa hiyo alitafuta watu wa kulisugua, na alitupata kwa sababu ya sufuria. Alipita kwenye makazi yetu ya wakimbizi akaona vichanja vyetu: sufuria zimeanikwa juani, zimesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka hutazami mara mbili. Kwetu mwanamke anayeacha masizi kwenye sufuria anasemwa hadi kanisani. Hazikupita siku nyingi tukawa na kazi, akina mama wote wa safu yetu ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu tuvuke mpaka kutoka Pweto watoto wetu walikwenda shule wamevaa viatu.

Fundi alikuwa Kingsley, mwenyeji wa hapa hapa Nchelenge, ambaye Kiswahili chetu alikiokota ujanani kwenye karakana za Katanga. Mpole, mchache wa maneno, mwenye amri moja tu: yeye kwanza, sisi baadaye. Hata mvua iwe inakuja, hata Hugues awe anapiga kelele, yeye akague ndege kwanza ndipo sisi tuguse. Sababu hakuwahi kuisema, nami sikuwahi kuiuliza. Nilidhani ni heshima tu anayoitaka, kama baba wa nyumba anayetaka kupakuliwa wa kwanza.

Siku ile ya vimstari vyeusi Hugues alikuwa anasafirisha mapasta, nami nilitaka waikute ndege yetu inawaka. Niliwaamsha wenzangu alfajiri. Kingsley alipofika alitukuta tunakunja vitambaa. Akatuangalia, akatikisa kichwa, maana wageni walikuwa wamekwisha kufika. Kisha akawasha tochi akakagua bawa hadi bawa, taratibu, akipitisha kidole kwenye kila safu ya ribiti. Hakuona kitu. Angeona nini, na mimi nilikuwa nimekwisha kufuta kila kitu?

Ndege haikufika mbali. Tuliisikia ikirudi juu ya ziwa, mlio wake umebadilika, na bati refu limenyanyuka kwenye shina la bawa linapigapiga. Hugues, aliyekuwa akiirusha mwenyewe, aliitua kwa kishindo, ikaserereka nje ya uwanja hadi kwenye mihogo ya watu. Hakufa mtu. Pasta mmoja alivunjika mkono, wengine walishuka wakiimba na kulia kwa pamoja. Mimi nilikaa chini.

Kingsley alizunguka bawa, akainama, akachungulia mashimo ambamo ribiti zilikuwa. Kisha akanijia.

"Mama Noëlla, pa hii fasi kulikuwa bweusi?"

"Ndiyo, ba Kingsley. Tumistari. Nilipangusha."

Akafumba macho kidogo. "Ile haikuwa buchafu, mama. Ribiti ikilegea inajisaga, inatoa bunga ya mweusi, sawa masizi. Njo vile inatuita."

Nilisimama kwenda kumwambia Hugues. Nilikuwa nimekwisha kupiga hatua, Mungu ananiona, lakini Kingsley alinishika mkono.

"Utasema, halafu? Atafukuza bamama bote. Mimi niko na mikono, nitapata kazi. Nyinyi mutaenda wapi? Nyamaza."

Nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma, si kile kitambaa. Kitambaa kilikuwa ujinga tu.

Hugues alitukusanya sote, damu ikimtoka kwenye paji la uso. "Nani aliangalia hii ndeke?"

"Mimi, patron," alisema Kingsley. "Niliangalia mbiombio. Sikuona muzuri."

Orpha alinitazama. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu. Hugues alimtukana Kingsley mbele yetu matusi ya lugha tatu, akamfukuza, na wakubwa wa mambo ya anga wakamnyang'anya leseni. Halafu Hugues akatugeukia sisi, akashusha sauti, akasema angalau akina mama wanajua kazi yao.

Haukupita muda mrefu akanunua mashine ya kusugulia, na mashine haihitaji safu nzima ya wanawake. Orpha na wengine aliwaachisha kazi. Mimi nilibaki, kwa kuwa mashine lazima iendeshwe na mtu, na kwa kuwa fundi mpya husema mama Noëlla ana jicho, anaona mistari kabla yake.

Kwa miaka nilizunguka njia ya mbali ili nisipite soko la samaki, maana Kingsley yuko ufukweni hapo, anatengeneza injini za mitumbwi. Mwaka huu nilijikaza nikaenda. Nilikuta amezeeka, grisi hadi viwikoni. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimekwenda kutafuta matusi.

"Ba Kingsley," nikaanza, "nilikuya juu ya mambo ya ile ndeke."

Akanyanyua bisibisi kunizuia.

"Bamama bako na kazi bado?"

Nikafungua mdomo. Alikuwa ameweka chini kila alichoshika, ananisubiri, na uso wake ulikuwa na hamu ambayo sijawahi kuiona siku zote alipokuwa fundi wa ndege.

"Bako nayo," nikasema.

"Bote?"

"Bote."

"Basi ni muzuri, mama," akasema. Akavuta kamba, injini ikawaka mara moja, naye akanicheka kwa furaha jinsi nilivyoruka nyuma.