Daftari la Sikukuu za Mbali

Mwezi wa nne mwaka huu mjukuu wangu Rosebella alikuja kunitembelea nyumbani kwangu mtaa wa Pioneer. Anasoma chuo kule Kesses, na akitoka darasani anapiga taipu kazi za watu wa ng'ambo kwa mtandao. Siku hiyo alikuwa amenuna kwa sababu mteja wake wa Uholanzi hakuwa anajibu tangu asubuhi.

"Hebu ningoje, Kukhu," akaniambia mimi bibi yake. Akaandika maneno machache kwenye simu, kisha akacheka. "Kumbe kwao leo ni sikukuu ya mfalme! Ofisi zimefungwa."

"Umejuaje?"

"Iko kwa mtandao. Sikukuu za nchi zote ziko, za mwaka mzima."

Alinipa simu nione. Nchi zilijipanga kwa herufi, na kila moja ilikuwa na siku zake, hata visiwa ambavyo sikuwahi kuvisikia. Nilivaa miwani nikasoma mpaka chai ikapoa. Rosebella aliniuliza kama nalia. Nilimwambia hapana, nakumbuka kazi.

Mwaka wa 1984 nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, opereta wa simu katika posta ya hapa Eldoret. Tulikaa wanne mbele ya ubao wenye matundu, hedifoni kichwani, tukiunganisha watu kwa nyaya. Simu ya ng'ambo ilikuwa na safari yake: mtu aliiagiza kaunta, mimi nikaita Nairobi, Nairobi wakaita mbele, naye akangoja kwenye benchi mpaka aitwe kuingia kibandani.

Kwenye benchi hilo ndipo nilipomjua Mzee Macharia, mkulima wa mahindi kutoka kijiji cha Ziwa. Mke wake alikuwa amefariki, na mtoto wake wa pekee, Nyakio, alikuwa Norwe akisomea kilimo. Barua ya mwisho ya Nyakio ilikuwa ya mwezi wa pili. Mzee alingoja, akangoja, kisha akavaa kabuti lake akaja mjini na lori la maziwa. Lori hilo lilimchukua Alhamisi tu.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa tarehe kumi na saba mwezi wa tano. Niliita namba ya ofisi ya chuo. Ililia, ikalia, hakuna aliyeshika. Nikajaribu tena baada ya saa moja, kimya.

"Sasa wewe msichana," Mzee aliniambia kupitia dirishani, "hiyo nchi iko na watu kweli?"

"Iko nao, Mzee. Labda wametoka kidogo."

"Wote?"

Aliondoka bila kuniaga, nami nilijua hakuwa amenikasirikia. Alikuwa anaogopa.

Wiki iliyofuata hakuja kwa sababu ng'ombe wake alikuwa anazaa. Alirudi tarehe thelathini na moja, Alhamisi tena. Mji ulikuwa unapambwa kwa bendera kwa ajili ya Sikukuu ya Madaraka ya kesho yake. Mvua ilikuwa imegoma mwaka ule, na Mzee alionekana amekonda kama mahindi yake. Niliita. Simu ililia upande wa pili vile vile, bila mtu. Nilimwona kwa dirisha akivua kofia na kuishika kwa mikono miwili, kama mtu aliye matangani.

Basi nikafanya jambo ambalo hatukuruhusiwa. Badala ya kukata, nilimwomba mwenzangu wa Nairobi aniache niongee na opereta wa Oslo mwenyewe.

Sauti ya mwanamke ilikuja polepole, kwa Kiingereza cha kuchaguliwa neno kwa neno. Nilimwambia kuna mzazi hapa anamtafuta mtoto wake, na ni mara ya pili hakuna anayejibu. Kuna shida gani chuoni?

Alicheka, lakini kicheko cha huruma. "Hakuna shida, dada. Leo ni siku ya Kupaa kwa Bwana. Nchi nzima imepumzika."

"Na tarehe kumi na saba?"

"Ah! Hiyo ndiyo siku yetu kubwa. Watoto wanatembea barabarani na bendera, na bendi zinapiga. Hata mimi nilikuwa kazini nasikia ngoma dirishani."

Nilitoka mbio mpaka kwenye benchi, hedifoni ikining'inia shingoni. "Mzee! Ni sikukuu! Siku zote mbili ulizokuja zilikuwa sikukuu kwao!"

"Sikukuu gani?"

"Leo ni ya Kupaa kwa Bwana."

"Hata mimi ni Mkristo," alisema taratibu, "na leo nimekamua ng'ombe wanne." Halafu akaanza kucheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Akayafuta kwa kofia.

Nilirudi ubaoni nikamuuliza yule mwanamke Alhamisi ijayo kuko vipi. Akasema kazi kama kawaida, ila Jumatatu itakayofuata ni mapumziko tena. Nikayaandika yote nyuma ya karatasi ya zamu.

Tarehe saba mwezi wa sita simu ilishikwa mara ya kwanza ilipolia. Walimtafuta Nyakio, akaja anahema. Sheria ilitaka tusisikilize, lakini ilibidi nihakikishe laini imeshika. Mzee alipiga kelele kibandani kana kwamba Norwe iko ng'ambo ya mto.

"Nyakio! Umekula?"

Nilicheka peke yangu. Dakika tatu za kuongea na binti yake aliye mwisho wa dunia, na swali la kwanza ni hilo. Baadaye walizungumza Kikuyu, sikuelewa mengi. Alipotoka, Mzee aliniambia Nyakio alikuwa amelazwa na homa ya mapafu, hakutaka kumtisha, akangoja apone ndipo aandike. Barua ilikuwa njiani. "Nimemwambia ng'ombe amezaa," akaongeza. "Nimesahau kumwambia mvua hakuna. Lakini ni sawa. Angefanya nini?"

Baada ya siku hiyo nilinunua daftari. Kila nilipounganisha simu ya mbali na laini ikawa na nafasi kidogo, nilimuuliza opereta wa huko: kwenu mnafunga lini? Walifurahi kuulizwa. Wa Bombay alinipa sikukuu nyingi hadi nikachoka kuandika, akanionya kwamba nyingine hufuata mwandamo wa mwezi, nimuulize upya kila mwaka. Wa London alilalamika kuhusu mvua ya Jumatatu za mapumziko. Watu wenye watoto ng'ambo wakajua. Kabla ya kuagiza simu walikuja dirishani: "Nekoye, hebu tuangalizie daftari."

Msimamizi wetu, Bwana Opiyo, alilikuta siku moja mwaka wa 1985. Ilikuwa miaka ambayo mtu alishusha sauti hata akiuliza bei ya sukari, na mimi nilikuwa na daftari lenye majina ya nchi za kigeni na tarehe, kwa mwandiko wangu. Aliniita ofisini akafunga mlango.

"Nani alikutuma kuandika haya?"

"Hakuna, Bwana Opiyo. Ni sikukuu tu."

"Mtu wa usalama akiliona, utamwambia ni sikukuu?"

Akalifungia kwenye droo. Kwa wiki mbili nilikuwa nashtuka kila gari likisimama nje. Kisha Bwana Opiyo akanirudishia daftari mbele ya wenzangu wote. Alikuwa amelisoma ukurasa kwa ukurasa, na mahali nilipokuwa nimeandika Pasaka ya Ugiriki alikuwa amesahihisha tarehe kwa kalamu nyekundu. "Nilikuwa na mwalimu Mgiriki," alisema, akaenda zake.

Nyakio alirudi mwaka wa 1987 na kufanya kazi ya kilimo Kitale. Mzee Macharia alinitumia gunia la mahindi ya kuchoma siku aliyorudi. Baadaye zikaja simu za kujipigia mwenyewe moja kwa moja. Ubao ukang'olewa, nasi tukatawanywa kwenye kaunta za stempu. Daftari lilipotea nilipohama nyumba. Sikulitafuta sana wakati ule, maana nani angelihitaji?

Rosebella alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza yule mwanamke wa Oslo aliitwa nani.

Sijui. Tuliongea mara nyingi miaka ile, nikajua ana paka, na kwamba goti lake huuma wakati wa theluji. Nilimtambua kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema halo. Lakini jina sikumuuliza kamwe.